Nani Aliyewapa Watoto Chupa?

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kuuzungumza ulevi kama tunavyoizungumza theluji: twajua kwamba iko, lakini iko kwa wengine. Mtu akitutajia pombe, kidole chetu hunyooka upande wa mahoteli ya ufuoni, au upande wa vilabu vya bara, au kwenye mangwe za jirani zetu Wamijikenda, ambako tembo la mnazi hunywewa tangu enzi za mababu. Kidole hakinyooki ndani ya nyumba. Nami nilikuwa na kidole hicho hicho mpaka Idd el Fitr ya Aprili 2023.

Mchana wa siku hiyo ulikwenda kama Idd nyinginezo. Baada ya sala tukazunguka kwa jamaa, tukanywa kahawa na kula halua, na watoto wakapita wakipokea mkono wa Idd. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja na kanzu mpya inanukia udi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15. Nikampa shilingi 500, akanibusu mkono, akasema, "Mjomba, naenda Makadara na wenzangu, kwenye pembea." Babake yuko Doha kazini, haji ila mara moja kwa mwaka, na kwa desturi yetu mjomba ndiye ashikaye nafasi hiyo. Nikamwambia asikawie.

Saa nne u nusu za usiku dada akanipigia simu. Hakusalimu. Alisema tu, "Kaka, mtoto yuko polisi."

Kituo chenyewe kilikuwa ng'ambo, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, nami sitakitaja. Nje nilikuta kina mama wapatao kumi wamejitanda mabuibui, wamesimama gizani mbali na taa ili wasijulikane, na kila mmoja alijua vyema wenziwe ni kina nani. Ndani walikuwako watoto 19. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Baadhi yao walikuwa wakilia, baadhi wamelala sakafuni, na mmoja alikuwa ameitapikia kanzu yake ya Idd. Udi wa asubuhi ulikuwa ungali nguoni mwao, na ile harufu nyingine ikiwa juu yake.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Kijana mmoja, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, alikodi nyumba kwa usiku mmoja, ya zile zinazokodishwa kwa simu bila ya mwenye nyumba kumwona mpangaji. Akaitangaza karamu yake kwa simu vilevile. Wavulana kila mmoja alipeleka shilingi 500. Wasichana waliingia bure, na msomaji mwenye akili hahitaji kuelezwa kwa nini. Vileo vilitiwa ndani ya chupa za sharubati, vikachanganywa na maji ya ukwaju na ya maembe ili mtoto asishtuke kwa ladha ya kwanza. Zile shilingi 500 ndizo nilizompa mimi asubuhi. Nilikuwa nimelipa kiingilio bila ya kujua.

Majirani walichoshwa na kelele za muziki, wakaita polisi. Kijana mwenyewe akaruka ua, akatokomea.

Hapa yafaa nisimame kidogo niseme habari ya sheria, maana usiku ule niligundua kwamba mimi, mtu wa kusoma magazeti kila siku, sikuwa nikiijua. Nilidhani sheria ya ulevi ni ya kumkamata mlevi. Basi. Sheria kuu iliyopo ni ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipachika jina la Mututho, kwa kuwa John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipigania bungeni. Sheria hiyo iliifuta ile iliyokuwa ikipiga marufuku chang'aa, ikaweka saa za vilabu kufunguliwa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na mwisho wa juma na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Ikasema pia kwamba kilabu kisiwe karibu na shule, masafa yasipungue mita 300.

Mlevi anayefanya fujo barabarani au penginepo hadharani aweza kukamatwa bila ya hati, na faini yake haizidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Shilingi 500 leo hazinunui hata kilo ya nyama ya mbuzi. Lakini yule anayemuuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18, naye ajua, sheria humngojea kwa faini ya hadi shilingi 150,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote pamoja. Tazama tofauti ya hesabu hizo. Waliotunga sheria walijua mkosa mkubwa ni nani. Sisi ndio tusiojua, kwani kila tukisikia habari hizi twauliza mtoto wa nani aliyekunywa, wala hatuulizi nani aliyemnywesha.

Ama watoto wenyewe, wana sheria yao, ile ya 2022, ambayo ilipandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa kosa lolote kutoka miaka 8 hadi 12, na kufungua njia ya mtoto aliyekosa kushughulikiwa nje ya mahakama, kwa nasaha na usimamizi wa wazazi. Usiku ule hakuna mtoto aliyeshtakiwa. Majina yao yaliandikwa, wakaonywa, wazazi wakaitwa mmoja mmoja.

Wapo waliosema pale uani kwamba afadhali mambo haya yangepelekwa kwa Kadhi. Maneno haya huyasikia mara nyingi, na ni ya watu wema, walakini hayana msingi. Katiba ya 2010 inaiwekea mahakama ya Kadhi mipaka yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Khamri haimo. Vivyo hivyo serikali za kaunti: Katiba imezipa kazi ya kutoa leseni za vileo, na kaunti za pwani zina sheria zake kuhusu jambo hilo, lakini kaunti haiwezi kufanya kila ipendalo. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ilizisimamisha amri hizo. Na Julai 2025 serikali kuu ilipozindua sera mpya inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, barzani kwetu walishangilia. Mimi sikushangilia. Yule kijana wetu aliuza kwa watoto wa miaka 13. Ukimpandishia umri hadi 21 utakuwa umemwongezea wateja wa kuwavunjia sheria, basi, maadamu hakuna anayesimama kumtaja.

Narudi kituoni. Mkuu wa zamu alikuwa mtu mpole, si Mwislamu, naye alituambia maneno ambayo hayajanitoka. Alisema, "Wazee, watoto hawa wanamjua aliyewaalika. Nataka mtu mzima mmoja, na mtoto wake mmoja, waandikishe taarifa. Mmoja tu."

Tulinyamaza wote. Wakati ule ule akaingia mzee mmoja mbio mbio, kofia mkononi. Alikuwa babake kijana yule. Habari zilikuwa zimekwisha mfikia. Ni mtu ninayeswali naye safu moja miaka mingi, bega kwa bega; nilipofiwa na mama yangu, yeye ndiye aliyeshika mbele ya jeneza. Alinivuta kando, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ikawa inatetemeka. "Sheikh," alinambia, "nisitirie. Ana mke, ana mtoto mchanga. Nisitirie, nami nitamrudi mwenyewe."

Nikamsitiri. Nilimwendea mpwa wangu pale alipokaa, nikainama masikioni mwake, nikamwambia, "Wakikuuliza, hukuona mtu." Mtoto akanitazama. Alikuwa angali na macho mekundu, lakini alinielewa. Akatikisa kichwa. Wenzangu nao wakafanya kama nilivyofanya, tukaenda zetu kabla ya alfajiri, na siku ya pili kila mtu mtaani alikuwa ameshikwa na usingizi wa Idd.

Niliona nimefanya wema. Najua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kumsitiri Mwislamu mwenzio, nayo ni hadithi sahihi. Ila miezi ilipokuwa ikipita nilijikuta nakumbuka jambo la utotoni.

Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alikuwa akinunua tembo. Msomaji asishtuke. Wazee wanaokumbuka watanishuhudia kwamba zamani, kabla ya hamira ya kopo kuenea, kina nyanya zetu walitumia tembo tamu kuumulia unga wa mikate na vibibi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata kidogo ncha ya karara kwa kotama yake, na maji yanayotona ndani ya kibuyu huwa matamu kama asali. Lakini hayangoji. Yakipigwa na jua la saa chache huanza kuchacha, na ya jana huwa kali la kumpeleka mtu mtaroni. Nyanya akichukua lile la alfajiri tu, tena lazima alionje kwa ncha ya ulimi kwanza, na wako masheikh waliokuwa wakimkataza hata hilo.

Mgema wetu alikuwa Mgiriama, mtu mrefu, akija na vibuyu viwili juu ya mti wa begani. Kimoja cha mikate, kimoja cha wanywaji wake. Sisi watoto tulipenda kukichezea kile cha pili kwa kuwa kilikuwa na povu. Siku moja kaka yangu alitia kidole akalamba. Mgema yule alimkamata mkono, akampeleka hadi ndani kwa nyanya, akasema mbele ya watu kwamba mtoto huyu amelamba tembo kali, na kwamba kosa ni lake yeye mgema aliyekiweka kibuyu chini. Tangu siku ile hakukiweka chini tena. Alisimama nacho begani jua kali, akingoja nyanya alete bakuli.

Huyo hakuwa Mwislamu wala hakuwa na leseni yenye kibandiko cha miaka 18. Na huyu wetu aliyetia vileo ndani ya chupa za sharubati alikhitimu Kurani akiwa na miaka kumi. Nilikula pilau ya khitima yake.

Twapenda kuzisema vibaya karamu za wenzetu, hasa zile zinazoitwa disko matanga huko Kilifi na Kwale, ambako muziki hupigwa usiku kucha kwenye msiba, watoto wa shule wakachanganyika na walevi, na wasichana wakarudi na mimba. Maafisa wa serikali wamezipiga marufuku mara kadhaa. Ni kweli zina madhara, nami sizitetei. Ila disko matanga hufanyika uwanjani, kila mtu aisikia, chifu aijua njia ya kufika. Ya kwetu ilikuwa ndani ya nyumba yenye mapazia, na mlango umefungwa kwa adabu. Yao yaweza kupigwa marufuku. Yetu, ni nani atakayeipiga marufuku, na hali sote twasema haikuwako?

Nilipeleka suala hili kwa maalim mmoja wa mtaani kwetu, bila ya kutaja majina, nikijifanya nauliza kwa ajili ya rafiki. Wazee hawa hawadanganyiki. Alinitazama, akanijibu taratibu. Alisema sitara ni ya mtu aliyeteleza nafsi yake, dhambi ikawa baina yake na Mola wake, huyo mfunike. Ama mtu ambaye madhara yake yanatoka nje yakawapata wengine, naye hajaacha, kumfunika huyo ni kumsaidia. Akanikumbusha kwamba katika Suratul Baqara tumekatazwa kuficha ushahidi, na kwamba katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kusimama na haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu na jamaa zetu. Kisha akaniuliza kama ninaijua hadithi ya Anas iliyopokewa na Tirmidhi, ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri. Nikasema naijua. Akanambia nihesabu. Nikahesabu: mwenye kuikamua, mwenye kukamuliwa, mwenye kuinywa, mwenye kuibeba, mwenye kubebewa, mwenye kuinywesha, mwenye kuiuza, mwenye kula thamani yake, mwenye kuinunua, na mwenye kununuliwa. "Mnywaji ni mmoja katika kumi," alisema maalim. "Nyinyi mwamshughulikia huyo mmoja."

Hata baada ya hapo sikufanya neno. Naliandika hili ili msomaji asidhani kwamba mtu huisikia haki leo akaisimamia kesho. Nilikuwa nikikutana na babake kijana msikitini, tunapeana mkono, na yeye akisema kwamba mwanawe ametulia sasa, anauza simu. Nami nikisema alhamdulillahi.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2023, kijana alikodi nyumba nyingine. Safari hii watoto walikuwa wengi zaidi, na majirani hawakuita polisi. Msichana mmoja wa miaka 14, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alizimia chooni, wenzake wakaogopa, wakamwacha huko mpaka karibu na alfajiri. Alilazwa siku nne. Alipona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ila mamake alinambia kwamba mtoto hataki tena kwenda chuoni wala kukaa na wenzake, na usiku hulala taa inawaka. Sikumwuliza zaidi. Mambo mengine mjomba wa watu haulizi.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa sebuleni na vitabu vyake. Alikuwa amerefuka, sauti imeanza kuvunjika. Nikamwambia kwamba nataka twende naye polisi, akaseme aliyoyaona usiku wa Idd, na nani aliyezipokea zile shilingi 500. Ujumbe wa malipo ulikuwa ungali katika simu yake, na jina la mpokeaji limo.

Hakuinuka upesi. Alinitazama kama alivyonitazama kituoni, kisha akasema, "Mjomba, siku ile uliniambia nisione. Leo nione?"

Dada aliinamisha uso. Nikamwambia kweli nilisema hivyo, na kwamba nilikosa, na kwamba mwenye kumfundisha uwongo mbele ya askari ni mimi wala si yeye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba radhi mtoto, nami niliona uzito wake. Alikaa kimya, akafunga kitabu, akaenda kuvaa viatu.

Taarifa ilichukua saa mbili kuandikwa. Mkuu wa zamu hakuwa yule wa kwanza. Huyu alikuwa mwanamke, Mwislamu, mtu wa Lamu kwa lafudhi yake, naye aliuliza kwa nini tumekawia miezi minane. Nilimjibu kwa kweli. Aliandika jibu langu kama nilivyolisema, akanisomea, nikatia sahihi, na mpwa wangu naye akatia yake ya kitoto yenye mikunjo mingi. Wazazi wengine wawili walikuja wiki iliyofuata. Kijana alikamatwa, na kesi yake sitaieleza hapa kwa sababu watoto wamo ndani yake.

Babake hanisalimu tena. Angali anakuja msikitini, lakini sasa huswali safu ya nyuma, upande wa mlango, na imam akitoa salamu huwa amekwisha kutoka.